Namna ya Kusoma Kinga ya Utando Ute kwa Kuchora Ramani Yake

Mwanafunzi wa tiba, uuguzi au biolojia anapofikia somo la kinga ya utando ute, yaani ngozi laini yenye ute inayofunika kwa ndani utumbo, pua, mapafu na njia ya uzazi, kitu cha kwanza anachokutana nacho mara nyingi ni jedwali refu, upande mmoja majina ya vipokezi (molekuli za seli zinazoshika na kutambua vitu) na upande wa pili vitu vinavyotambuliwa na vipokezi hivyo. Hulikariri usiku wa kuamkia mtihani, hujibu vizuri, na baada ya wiki mbili hawezi kueleza kwa nini mabilioni ya bakteria wanaishi utumboni mwake bila kumletea homa, ilhali wachache wakivuka ukuta wa utumbo huohuo wanaweza kumlaza hospitalini. Jedwali halisemi uongo, ila linaacha nje jambo ambalo ndilo kiini cha somo: katika utando ute, maana ya kukitambua kijidudu hutegemea kimetambuliwa mahali gani. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulisoma somo hili kwa kuchora ramani ya ukuta, kuipanga kila molekuli mahali pake, kisha kuijaribu ramani hiyo kwa maradhi na chanjo tunazozifahamu. Nimechagua utumbo kuwa mfano, kwa sababu ndio utando ute uliochunguzwa zaidi. Pua, mapafu na njia ya uzazi nitavigusia kidogo tu.

Chora ukuta kabla ya molekuli

Chukua karatasi kubwa, ilaze kwa upana, na uwe na penseli tatu: nyeusi, nyekundu na ya buluu. Kwa ile nyeusi chora katikati ya karatasi safu ya seli ndefu zilizosimama bega kwa bega kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Juu ya safu hiyo andika "uvungu", yaani nafasi mnamopita chakula, maji na bakteria. Chini yake andika "tishu", yaani mwili wenyewe, pamoja na mishipa ya damu, mishipa ya limfu na seli za kinga. Jambo la kulizoea tangu mwanzo ni kwamba uvungu wa utumbo, ingawa umo tumboni, kwa mfumo wa kinga ni nje ya mwili. Chakula kilichomezwa hakijaingia mwilini mpaka kivuke safu hiyo.

Safu yenyewe ina unene wa seli moja tu, na seli zake hubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5. Vipimo vilivyochapishwa na watafiti wa Sweden mwaka 2014 vilikadiria kuwa eneo lote la ndani la njia ya chakula ni karibu meta za mraba 32, na kati ya hizo utumbo mpana una kama 2. Vitabu vya zamani vilivyotaja mamia ya meta za mraba vilitia chumvi, lakini hata hizo 32 ni nyingi mno zikilinganishwa na ngozi, ambayo kwa mtu mzima haizidi sana meta za mraba 2 na ina tabaka nyingi za seli.

Karibu na vichwa vya seli hizo weka nukta nzito kila zinapogusana. Nukta hizo ni viungio vinavyobana, na kazi yake si kuzuia uvujaji tu. Ndivyo vinavyougawa uso wa kila seli sehemu mbili zisizochanganyika, yaani uso wa juu unaotazama uvungu, na uso wa chini pamoja na mbavu za seli, unaotazama tishu. Protini iliyopangiwa uso wa chini haiwezi kuteleza ikafika juu. Usiharakishe hatua hii, kwa kuwa kila utakachokichora baadaye kinautegemea mgawanyo huu.

Sasa paka ute juu ya seli. Ute hutengenezwa na seli maalumu zilizo katika safu hiyohiyo, na kiini chake utumboni ni protini kubwa iitwayo MUC2, iliyovikwa sukari nyingi zinazoshika maji. Usiupake kwa namna moja kila mahali. Katika utumbo mdogo ute ni tabaka moja lililolegea, linaloruhusu virutubisho kupita; katika utumbo mpana ni tabaka mbili, la nje wanamoishi bakteria, na la ndani lililoshikamana na seli, ambalo watafiti wa Gothenburg walionyesha mwaka 2008, kwa kuchunguza panya, kwamba halina bakteria. Panya wasio na MUC2 huguswa na bakteria moja kwa moja kwenye seli, na utumbo wao mpana huvimba. Kwa hiyo tayari, kabla hujachora kipokezi hata kimoja, ramani inakueleza jambo: kipokezi hakiwezi kushika kisichokifikia, na sehemu kubwa ya amani ya utumbo ni matokeo ya pande mbili kutokutana.

Weka ving'ora kwa penseli nyekundu

Penseli nyekundu ni ya molekuli ambazo zikishika kitu huamsha hatari, yaani huamuru seli itoe saitokini (protini za kupelekeana habari kati ya seli), iite chembe nyeupe za damu na kuanzisha uvimbe. Nyingi kati yake mtu huzaliwa nazo; hazihitaji kufundishwa na maradhi. Hutambua vipande ambavyo vijidudu wengi wanavyo kwa pamoja na mwili wa binadamu hauna. Fikra hiyo aliitoa Charles Janeway wa Marekani mwaka 1989, na ushahidi wake ulifika haraka kuliko wengi walivyotarajia. Mwaka 1996 kundi la Jules Hoffmann huko Strasbourg lilionyesha kwamba inzi wadogo wa matunda wasio na protini iitwayo Toll hufa kwa maambukizi ya kuvu, na mwaka 1998 kundi la Bruce Beutler likaonyesha kwamba ndugu ya Toll katika panya, TLR4, ndiye anayeitambua lipopolisakaridi, sumu iliyo kwenye ganda la nje la bakteria kama E. coli na Salmonella. Wote wawili walitunukiwa Nobeli ya mwaka 2011 pamoja na Ralph Steinman, aliyegundua seli za dendriti. Binadamu ana vipokezi 10 vya ukoo huu wa TLR.

Usivichore vyote kwa mara moja. Anza na TLR5, kwa kuwa hakuna kinachofundisha somo hili vizuri zaidi. TLR5 hushika flajelini, protini inayojenga mjeledi ambao bakteria wengi huutumia kuogelea. Mjeledi ni bomba refu lililosukwa kwa maelfu ya flajelini, na sehemu ambayo TLR5 huishika imefichwa ndani ya bomba hilo. Hupatikana pale flajelini zinapomeguka moja moja. Chaguo hilo ni la busara, kwa sababu sehemu hiyohiyo ndiyo inayoziunganisha flajelini, na bakteria akiibadilisha ovyo mjeledi wake haujengeki. Wapo walioweza kuibadilisha kwa kufidia mahali pengine: Helicobacter pylori, anayeishi tumboni, na Campylobacter jejuni, anayeleta kuhara, wana mijeledi inayofanya kazi na ambayo TLR5 haiioni.

Swali la ramani sasa ni hili: uichore TLR5 juu au chini? Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walikuza maabara safu ya seli za utumbo mpana, kisha wakaweka flajelini upande wa juu, na seli zikakaa kimya. Walipoiweka flajelini ileile upande wa chini, seli zilitoa IL-8, saitokini inayoita neutrofili, aina ya chembe nyeupe za damu zinazowahi penye maambukizi. Kipokezi kilikuwa upande wa chini. Ukiliwaza hilo kwa makini utaona kwamba seli haiulizi tu kama kuna bakteria. Uvungu wa utumbo mpana umejaa bakteria wenye mijeledi kila saa ya maisha. Inachouliza ni kama bakteria amevuka. Chora TLR5 kwa rangi nyekundu chini ya nukta nzito, na uandike pembeni: "hushtuka kwa aliyevuka".

TLR9, ambayo hutambua DNA ya bakteria, inalikoleza jambo hili zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba TLR9 ipo pande zote mbili za seli za utumbo, lakini ikichochewa kutoka chini huwasha njia ya uvimbe, na ikichochewa kutoka juu huizuia njia hiyo na kuifanya seli iwe mvumilivu kwa vichocheo vingine. Ni kipokezi kimoja chenye kichocheo kimoja, na majibu mawili yanayopingana. Jedwali la kukariri halina nafasi ya kuandika hilo.

Vingine vichore kwa haraka zaidi. TLR4 katika seli za safu ya utumbo wenye afya ni chache, ila makrofaji, yaani seli zinazomeza vijidudu, na seli nyingine zilizo kwenye tishu na damu zinazo kwa wingi, kwa hiyo weka alama zake chini kabisa. TLR3, TLR7 na TLR8 hutambua RNA za virusi na hukaa ndani ya vifuko vya seli, siyo kwenye uso wake, kwa maana RNA ya kirusi hufika humo baada ya kumezwa. Ndani ya utomvu wa seli weka NOD1 na NOD2, zinazotambua vipande vya ukuta wa bakteria. NOD2 ina umuhimu wa pekee katika seli za Paneth, zilizo kwenye vishimo vya utumbo mdogo na ambazo humwaga protini fupi za kuua bakteria. Mwaka 2001 makundi mawili ya watafiti yaligundua kwamba kasoro katika jeni ya NOD2 huongeza uwezekano wa kupata maradhi ya Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo. Kumbuka maana ya ugunduzi huo: kasoro hizo hupunguza utambuzi, na matokeo yake ni uvimbe mwingi zaidi badala ya mchache. Mtu anayefikiri kwamba vipokezi ni vya kuwasha moto tu hataelewa hapo.

Malizia nyekundu kwa NAIP na NLRC4, zilizo pia ndani ya seli. Hizi hushika flajelini iliyoingia ndani kabisa, na seli iliyoingiliwa hung'olewa kutoka kwenye safu na kutupwa uvunguni pamoja na bakteria aliyemo, huku majirani zake wakifunga pengo. Kwa utando ambao hata hivyo hubadilisha seli zake kila siku chache, hasara hiyo ni ndogo.

Onyesha njia ya sampuli

Kama ving'ora viko chini na bakteria wako juu, mfumo wa kinga hujifunzaje kuhusu walio juu bila kungoja wavuke? Jibu ni kwamba huwavusha wachache kwa makusudi. Katika sehemu ya mwisho ya utumbo mdogo chora vivimbe vya tishu ya limfu vilivyo chini tu ya safu: ni mabaka ya Peyer, yaliyopewa jina la Johann Conrad Peyer wa Uswisi aliyeyaeleza mwaka 1677. Juu ya kila baka ute ni mwembamba, na kati ya seli za kawaida kuna chache zinazoitwa seli M, ambazo hubeba vipande na hata bakteria wazima kutoka uvunguni na kuwashusha mfukoni mwa seli za kinga zinazosubiri chini. Seli M zina kipokezi kiitwacho GP2 kwenye uso wao wa juu, kinachoshika ncha ya vinyweleo vya E. coli na Salmonella. GP2 usiipake nyekundu, kwa kuwa haiamshi uvimbe. Kazi yake ni kubeba.

Chini ya seli M kuna seli za dendriti. Humeza kilicholetwa, hukikatakata, na kukionyesha kwa seli T, zinazoongoza seli nyingine za kinga, juu ya molekuli za MHC, ambazo ni kama sahani za kuonyeshea vipande. Kwa njia hiyo, na kwa msaada wa seli T, seli B (zile zinazozaa kingamwili) zinazotambua antijeni hiyo, yaani kitu kilicholetwa, huanza kugeukia utengenezaji wa kingamwili ya aina ya IgA. Hapa kuna kipengele ambacho ningependa kila mhudumu wa afya akijue: seli za dendriti za utumbo hutengeneza asidi ya retinoiki kutokana na vitamini A, na asidi hiyo ndiyo inayozivisha seli T na seli B alama za kurudi utumboni. Baada ya kufundishwa, seli hizo huondoka kwa limfu, huingia kwenye damu, kisha hushuka tena mahali penye alama zinazolingana na zao. Seli iliyofundishwa na sindano begani kwa kawaida haina anwani hiyo.

Baadhi ya seli B zilizofundishwa utumboni mwa mama huenda kwenye matiti yake wakati wa kunyonyesha. Ndiyo maana IgA iliyomo katika maziwa, na hasa katika dang'a ya siku za kwanza, huwashika vijidudu waliomo katika mazingira ya mama huyohuyo, ambayo ndiyo mazingira ya mtoto. Kuikamua na kuimwaga dang'a, kama bado inavyofanyika katika baadhi ya familia kwa kudhani kuwa ni maziwa machafu, ni kumnyima mtoto kingamwili zilizolengwa vijidudu wa nyumbani kwake.

Penseli ya buluu: IgA

Buluu ni ya utambuzi usiopiga kelele. Molekuli yake kuu ni IgA, ambayo Joseph Heremans wa Ubelgiji aliitenga katika damu mwaka 1959, na ambayo kundi la Thomas Tomasi huko Marekani lilionyesha katika miaka ya 1960 kwamba katika mate na majimaji mengine ya utando ina umbo tofauti na lile la damuni. Mtu mzima humwaga utumboni kati ya gramu 3 na 5 za IgA kila siku, na seli nyingi zaidi za plazima, yaani seli B zilizokomaa zinazotengeneza kingamwili mwilini, ziko katika tishu ya chini ya safu ya utumbo. Zichore humo chini, nyingi.

Kuivusha IgA kunastahili kuchorwa pole pole, pengine kwenye karatasi ya pili iliyokuzwa. Seli ya plazima hutoa IgA mbili zilizoungwa mkia kwa mkia na protini ndogo iitwayo mnyororo wa J. Kwenye uso wa chini wa seli za safu kuna kipokezi, pIgR, kinachotambua muungano huo wenye mnyororo wa J. Per Brandtzaeg wa Norwei ndiye aliyeeleza mfumo huu katika miaka ya 1970. Kipokezi kikishashika mzigo wake, seli humeza vyote viwili ndani ya kifuko, hukisafirisha kifuko hicho hadi juu, na kukifungua upande wa uvungu. Hapo kimeng'enya hukikata kipokezi. Sehemu yake kubwa hubaki imeng'ang'ania IgA, na huilinda isimeng'enywe upesi na vimeng'enya vya utumbo. Kipokezi hicho hakirudi chini kuchukua mzigo mwingine. Kila safari inagharimu pIgR moja, na seli hulazimika kutengeneza mpya mfululizo. Mwili usingekubali gharama hiyo kwa jambo dogo.

Ikishafika juu, IgA hufanya nini? Haiamshi uvimbe kwa nguvu kama zifanyavyo kingamwili nyingine, na katika uvungu hakuna protini za komplimenti za kutosha za kuua bakteria. Badala yake hufunga. Kwa kuwa ina mikono minne ya kushika antijeni, inaweza kumkamata kijidudu mmoja na jirani yake kwa pamoja, kuwanasa kwenye ute, au kuziba sehemu ambayo kirusi au sumu ingetumia kushika seli. Watafiti wa Uswisi walionyesha mwaka 2017, kwa kutumia panya na Salmonella, jambo ambalo wengi hawakulifikiria: bakteria wakiwa wachache mno kugongana, IgA bado hufanya kazi, kwa sababu bakteria anapogawanyika watoto wake hubaki wamefungwa pamoja, na ukoo mzima huondoka na kinyesi kama kifundo kimoja. Chora kifundo hicho kwa buluu juu ya ute.

Bakteria nao wana majibu. Neisseria, Haemophilus influenzae na nimokoko hutoa vimeng'enya vinavyoikata IgA1 katika shingo yake ndefu. IgA2 haina shingo hiyo, nayo ipo kwa wingi zaidi katika utumbo mpana kuliko sehemu nyingine za mwili. Na ukikutana na mtu aliyezaliwa na upungufu wa IgA peke yake, usishangae kumwona ni mzima. Wengi wao hawana dalili, kwa sehemu kwa sababu kingamwili nyingine, IgM yenye mnyororo wa J, huvushwa na pIgR ileile.

Ukitaka kuihamishia ramani hii sehemu nyingine za mwili, badilisha uwiano. Puani na kooni IgA bado inaongoza. Ndani kabisa ya mapafu na katika uke, IgG, kingamwili iliyo nyingi zaidi damuni, ina nafasi kubwa zaidi, na kipokezi kinachoweza kuivusha ni FcRn, kile kile kinachopeleka IgG ya mama kwa mtoto aliye tumboni kupitia kondo la nyuma.

Jaribu ramani kwa maradhi

Ramani iliyokamilika ina buluu nyingi juu ya nukta nzito na nyekundu nyingi chini yake. Sasa ichukue kila maradhi na ufuatilie kwa kidole njia ambayo kijidudu anapita, ukiuliza kila hatua ni molekuli ipi anakutana nayo.

Anza na homa ya matumbo. Salmonella Typhi huvuka kupitia seli M za mabaka ya Peyer, kwa hiyo kidole chako kinafika katikati ya ving'ora: TLR4 inapaswa kushika lipopolisakaridi yake, na TLR5 flajelini yake. Ndugu zake wanaoleta kuhara kwa chakula kilichoharibika hushtua ving'ora hivyo vyote, na ndani ya siku moja au mbili mgonjwa ana tumbo la kuhara lililojaa neutrofili. Typhi hujifunika kwa gamba la sukari liitwalo Vi, linaloificha lipopolisakaridi, na mfumo uleule unaowasha gamba hilo hupunguza utengenezaji wa mijeledi. Huvuka karibu kimya, husambaa mwilini, na homa huanza baada ya wiki moja au zaidi. Mabaka ya Peyer anakoendelea kuzaliana ndiyo mahali utumbo hutoboka katika wagonjwa waliochelewa kutibiwa, na daktari wa upasuaji hujua kulitafuta tundu katika kipande cha mwisho cha utumbo mdogo.

Kipindupindu ni kinyume chake. Vibrio cholerae havuki kabisa. Hukaa juu ya safu na kumwaga sumu inayoshika mafuta yaitwayo GM1 kwenye uso wa juu wa seli. Ving'ora vya chini havimgusi, kwa hiyo ulinzi lazima uwe wa buluu: IgA inayozuia sumu isiishike GM1, na IgA inayoshika sukari za ganda la bakteria mwenyewe na kumzuia kuogelea hadi kwenye seli. Hapo ramani inakueleza kwa nini chanjo ya kipindupindu inayotumika sasa hunywewa badala ya kudungwa. Zanzibar ilikuwa mahali pa jaribio muhimu la jambo hili: mwanzoni mwa mwaka 2009 wakazi wa maeneo yaliyokuwa yakishambuliwa mara kwa mara Unguja na Pemba walipewa dozi mbili za chanjo ya kunywa yenye bakteria waliouawa pamoja na kipande B cha sumu, kile kinachoshika GM1 bila kudhuru. Karibu nusu ya walengwa walizinywa dozi zote mbili. Katika mlipuko uliofuata chanjo ilionekana kuwakinga waliokunywa kwa asilimia 79, na hata wasiokunywa waliokuwa wakiishi katika mitaa yenye wanywaji wengi waliugua kidogo zaidi. Chanjo hiyo huchanganywa na maji yenye chumvi ya kupunguza asidi, kwa sababu kipande B huharibika kikikutana na tindikali ya tumbo. Mhudumu anayeisahau hatua hiyo anatoa nusu ya chanjo.

Virusi vya rota vinadai uangalifu zaidi, kwa kuwa hapa chanjo haikufanya vizuri kila mahali. Katika jaribio la chanjo ya matone lililochapishwa mwaka 2010, kinga dhidi ya kuhara kukali ilikuwa asilimia 76.9 Afrika Kusini na 49.4 Malawi, ilhali Ulaya na Amerika ya Kusini ilikuwa juu zaidi. Ramani inatoa mahali kadhaa pa kuchunguza. IgA ya maziwa ya mama, ambayo tumeisifu, inaweza kukifunga kirusi dhaifu cha chanjo kabla hakijafundisha lolote, na kingamwili za IgG zilizopita kwenye kondo hufanya hivyohivyo. Kuna pia suala la sukari zilizo juu ya seli za mtoto: virusi vya kundi la P[8], ambalo chanjo hiyo ilitokana nalo, hushika sukari zinazotengenezwa kwa msaada wa jeni ya FUT2 na ile ya Lewis, na watoto wengi wa Afrika kuliko wa Ulaya hawana sukari hizo kwa ukamilifu. Kirusi cha chanjo kisichoweza kuishika seli hakizaliani, na kisipozaliana hakuna sampuli ya kuvushwa na seli M. Hata hivyo Malawi ndiko kuhara kukali kwa rota kulikokuwa kwingi zaidi, kwa hiyo asilimia 49 ya huko iliwakinga watoto wengi zaidi kati ya kila mia waliochanjwa kuliko asilimia kubwa ya Afrika Kusini, na Tanzania na Kenya zilifanya sawa kuiingiza chanjo hiyo katika ratiba zao.

Jaribio la mwisho ni polio, na ni gumu kwa mtu aliyekariri bila kuchora. Chanjo ya sindano iliyotengenezwa na Jonas Salk huleta IgG ya damuni, chini ya safu. Hukizuia kirusi kufika kwenye mishipa ya fahamu, na mtoto hapoozi. Matone ya Albert Sabin huleta pia IgA juu ya safu, hivyo hupunguza kuzaliana kwa kirusi ndani ya utumbo wenyewe. Mwaka 2013 Israeli, iliyokuwa ikitumia sindano peke yake kwa miaka kadhaa, ilikikuta kirusi cha polio cha mwituni kwenye maji taka kwa miezi mingi bila mtoto hata mmoja kupooza: IgG ilifanya kazi yake yote chini, na juu kirusi kilikuwa kikipita kutoka mtoto hadi mtoto. Serikali ikalazimika kuwapa watoto matone.

Sasa chukua ratiba ya chanjo ya Tanzania, ambayo ina matone na sindano, na ujiulize sindano inaongeza nini utumboni kwa mtoto aliyekwisha kupata matone. Anayefuata jedwali atajibu kwamba haiongezi kitu. Utafiti uliofanyika India na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kwa watoto wa namna hiyo sindano moja hupunguza utoaji wa virusi kwenye kinyesi, na hata hushinda dozi nyingine ya matone. Rudi kwenye sehemu ya ramani yenye mabaka ya Peyer: seli B za mtoto huyo zilifundishwa utumboni na matone, zikavishwa alama za kurudi huko, na sindano ya begani imezikuta damuni zikiwa tayari na anwani.